Nyoka wako akitoroka kizimbani

Kabla ya kumsaka, funga milango na uzibe upenyo wa chini kwa taulo. Anza na chumba chenye kizimba; mara nyingi hajaenda mbali. Hutambaa akifuata kuta, hivyo chungulia nyuma ya friji, penye joto la mota, na hata ndani ya viatu. Usiku nyunyiza unga mstari mwembamba kizingitini: asubuhi mburuzo utaonyesha alikoelekea. Akiwa nusu tunduni usimvute, maana hujikaza na utamuumiza uti wa mgongo. Mtego wa gundi, hapana kabisa. Akinasa, mafuta ya kupikia huilegeza taratibu. Haya ni kwa wasio na sumu. Mwenye sumu, toka chumbani, funga, ita mtaalamu.