Somo: Kumlinda mtoto mchanga wodini asiibwe

Mimi ni mkunga hapa Kampala. Swali hili naulizwa kila juma, basi naandika mara moja.

1. Nenda na msindikizaji mmoja unayemwamini.

2. Mtoto akizaliwa, uonyeshwe jinsia yake, utajiwe na saa aliyozaliwa.

3. Plasta yenye jina lako ifungwe mkononi na mguuni. Siku za kwanza mtoto hupungua uzito, kwa hiyo plasta iliyokaza leo, kesho inaweza kuchomoka. Ikichomoka, mwite nesi papo hapo.

4. Hapa ndipo watoto wanapopotea, soma mara mbili. Anayeiba mara nyingi ni mwanamke mpole. Pengine kwao amekwisha kuwaambia ana mimba. Amezunguka wodi, jina lako analijua. "Dada, nipe nikushikie, ukaoge." Au amevaa koti jeupe, anasema mtoto anatakiwa chanjo. Jibu lako: "Twende sote." Koti si kitambulisho, muulize nesi wa zamu. Kama huwezi kutembea, msindikizaji aende, asikubali kuachwa mlangoni. Kuweni macho zaidi zamu zinapobadilishana na wageni wanapojaa.

5. Picha yenye namba ya kitanda usiiweke Facebook.

6. Akikosekana, piga kelele geti lifungwe kwanza, kutafuta baadaye. Polisi ni 999. 116 ni simu ya watoto, bure.

Maswali

*Mama Shamim:* Nikienda kuoga nimwachie nani?
— Hatua ya 1.

*Mama Shamim:* Jirani wa kitanda je? Anaonekana mzuri.
— Hapana. Rudia ya 4.

*Baba Mapacha:* Musawo (daktari au nesi) akisema mtoto amefariki, naruhusiwa kumwona?
— Umeuliza jambo zito, ndugu yangu. Omba kuuona mwili na plasta yake, na maelezo kwa maandishi. Wazazi waliojifungua mapacha hospitali ya Mulago, hapa Kampala, mwaka 2012 walitoka na mmoja tu. Mwili waliopewa baadaye, kipimo cha vinasaba kilionyesha si wa mtoto wao. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliwapa fidia, ikaiagiza hospitali iimarishe ulinzi wa watoto, walio hai na waliokufa.

*Nakku:* Shuka za wodini zinafanana. Mimi nilishonea zangu uzi mwekundu pembeni.
— Vizuri sana, dada. Ila kata ncha ziwe fupi, uzi mrefu hujisokota kwenye vidole vya mtoto ukazuia damu.