Mtoto mchanga akisumbuliwa na gesi, mkunjie magoti

Hili nimeonyeshwa na shangazi yangu hapa Mikindani, Mtwara, na akina mama wenye vichanga wanapaswa kulijua. Mtoto akijinyonganyonga, uso mwekundu, tumbo limejaa, mlaze chali juu ya khanga. Shika miguu yote miwili chini ya magoti, ikunje taratibu mpaka mapaja yaguse tumbo, hesabu hadi tano, kisha inyooshe. Rudia mara kadhaa, halafu zungusha mguu mmoja mmoja kama anayeendesha baiskeli. Mapaja yanaliminya tumbo kidogo, na hewa iliyokwama inasukumwa chini. Yeye mwenyewe bado hajui kusukuma huku akilegeza njia ya haja, ndiyo maana anajikakamua bure. Mara nyingi utausikia ushuzi, na ngumi zinafunguka.

Usifanye akitoka tu kunyonya, atatapika. Hapo mweke begani acheue kwanza, subiri kama nusu saa. Na kama analia kwa njaa au kwa joto (huku kwetu tunawafunika mno!), kukunja miguu hakutasaidia kitu.

Dawa za chango na maji ya mizizi msimpe, jamani. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Akitapika kijani, tumbo likiwa gumu, akigoma kunyonya, akitoa choo chenye damu au akichemka nyuzi 38 na zaidi, hiyo si gesi: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.