Jinsi ya kuomba kibali cha kukarabati nakshi za nje ya nyumba ya zamani, Kigoma Ujiji na Tabora

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya zamani anayetaka kurudisha urembo wa nje: mlango wa nakshi na miimo yake, maua ya lipu juu ya madirisha, nguzo za baraza, mbao zilizochongwa chini ya upenu. Kazi za ndani siziingilii. Suala la umiliki nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa maombi mengi ya nyumba za aina hii hufia hapo kabla mhandisi hajaiona hata barua.

Nani anaomba

Nyumba nyingi za Ujiji bado zinasomeka kwa jina la babu aliyefariki zamani. Halmashauri haiwezi kumpa marehemu kibali. Mjukuu anayeishi humo, anayepaka rangi kila Idi na kununua umeme kila wiki, naye hana sifa ya kuomba kwa sababu hiyo tu. Wapo wanaopeleka risiti za LUKU wakisema kodi ya jengo inakatwa humo. Ni kweli inakatwa humo tangu 2021, ila hata mpangaji hununua LUKU, na afisa ardhi analijua hilo.

Anayetakiwa ni msimamizi wa mirathi. Kama hajateuliwa, itisheni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, warithi wote wasaini, kisha aliyependekezwa aende Mahakama ya Mwanzo na muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo. Mahakama hutangaza shauri kwanza ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa hiyo msikodi fundi wakati huo. Na kikao hicho kisiishie kwenye jina la msimamizi. Humo humo mkubaliane kwamba mlango hauuzwi. Wanunuzi wa milango ya zamani wanapita, na ndugu mmoja mwenye shida ya ada anaweza kuwaharibia kazi yote.

Nyumba ya wakfu huombewa na mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, si na anayekaa ndani.

Kwa maduka ya zamani ya katikati ya mji, yale yenye mwaka wa ujenzi uliofinyangwa kwa lipu kileleni, ulizeni kwanza kama ni ya Shirika la Nyumba la Taifa. Majengo mengi ya namna hiyo yalitwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majengo, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba. Mpangaji anayetaka kurekebisha uso wa duka lake anahitaji ridhaa ya maandishi kutoka kwa Shirika kabla ya kwenda manispaa. Nyumba za reli hali kadhalika, mwombaji ni mwenye mali.

Mkishajua mwombaji ni nani, kusanyeni hati ya ardhi au leseni ya makazi, na risiti ya pango la ardhi. Asiye na hati aanzie kwa mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa apate barua ya utambulisho, kisha akaulize ofisi ya ardhi ya manispaa kama inatosha kwa eneo lake. Asidhani tu kwamba inatosha.

Orodha ya kazi

Hii ndiyo karatasi ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo watu huiandika kwa haraka kuliko zote. Ukiandika "ukarabati wa mlango", afisa anasoma "mlango mpya". Ukiandika "kupiga lipu ukuta wa mbele", anasoma "nakshi zitabanduliwa". Andika kipande kwa kipande: kilivyo sasa, kitakachofanyika, na kisichoguswa. Mfano:

"Mlango wa mbele. Mwimo wa kushoto umeliwa na mchwa kuanzia chini hadi sentimita 40. Sehemu iliyooza itakatwa na kuungwa mbao kavu ya mninga, itakayochongwa kwa kufuata nakshi ya mwimo wa kulia. Mfaa (mbao ya katikati ya mlango), njumu za shaba na kizingiti cha juu havitaguswa isipokuwa kusafishwa kwa brashi laini."

Kila kipande kipige picha mbili, moja ya mbali ikionyesha kilipo ukutani, nyingine ya karibu yenye futikamba pembeni. Piga asubuhi au jioni, jua likiwa chini, michongo ionekane. Picha ya saa sita mchana huufanya ukuta uonekane kama karatasi. Kwa maua ya lipu, bandika karatasi nyembamba juu yake na ufuatishe mistari kwa penseli. Fundi ataihitaji ua likivunjika mkononi.

Taja na vifaa. Kuta nyingi za zamani Ujiji na Tabora ni za udongo. Lipu ya saruji juu ya udongo hufungia unyevu ndani, ukuta unalainika nyuma yake, na baada ya masika kadhaa lipu yote hudondoka na nakshi zake. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Ukiandika "chokaa na mchanga, bila saruji" unamwonyesha mhandisi kwamba unaijua nyumba yako, na pia unamfunga fundi wako, maana saruji inakauka haraka na mafundi wengi wataikimbilia.

Je, Idara ya Mambo ya Kale inahusika?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina miaka miwili ya kukumbuka. Jengo lililojengwa kabla ya 1863 linahesabika kuwa la kale. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa. Zaidi ya hayo, Waziri anaweza kulitangaza jengo lolote kwenye Gazeti la Serikali. Nyumba chache za watu binafsi zinafika 1863. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, lipo tembe la miaka ya 1850 alilokaa Livingstone mwaka 1872, lakini hilo ni kumbukumbu ya taifa. Ile 1940 ndiyo inayowagusa wengi. Mlango wa nakshi aliouweka babu Ujiji enzi za Mjerumani unaingia humo, hata kama nyumba yenyewe imeshaezekwa bati mara tatu.

Kwa hiyo usiung'oe mlango huo kuupeleka kwa seremala kabla hujawaandikia. Barua huenda kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, Dodoma, ikiwa na orodha ya kazi na picha. Kuutoa nchini bila leseni ni kosa, kwa hiyo rafiki mgeni anayeupenda mlango wako aupige picha tu.

Barua ya manispaa

Maombi ya kibali cha ujenzi huingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa halmashauri uitwao TAUSI. Asiyezoea mtandao aende na karatasi zake idara ya mipango miji aombe msaada. Hata hivyo ambatisha barua, kwa sababu fomu zimetungwa kwa nyumba mpya na hazina mahali pa kueleza ua la lipu. Iwe fupi:

"Mkurugenzi wa Manispaa, Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji.
K.K. Mtendaji wa Kata.
YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUKARABATI NAKSHI ZA NJE YA NYUMBA.
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msimamizi wa mirathi ya marehemu mmiliki wa nyumba tajwa. Ninaomba kibali cha kukarabati nakshi za ukuta wa mbele kama zilivyoainishwa kwenye orodha na picha nilizoambatisha. Kazi hii haitabadilisha ramani, urefu, paa wala matumizi ya nyumba."

Sentensi ya mwisho ibebe ukweli mtupu. Inaiweka kazi yako kwenye ukarabati na kukuepusha kudaiwa michoro ya nyumba nzima. Ukitaka kuongeza chumba au kupandisha ukuta, hayo ni maombi mengine.

Maombi yakipokelewa utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Lipa kwa namba hiyo benki au kwa simu, usimpe mtu taslimu mkononi. Kisha watakuja kukagua eneo. Siku hiyo awepo nyumbani anayeijua orodha, si kijana wa kufungua geti tu. Kama baraza imesogea hadi hifadhi ya barabara, au majukwaa ya mafundi yatasimama njiani, watakuelekeza TARURA, au TANROADS ikiwa ni barabara kuu.

Kibali kikitoka

Soma masharti na tarehe ya mwisho kabla hujakifungia kabatini. Nakala ikae eneo la kazi, kwa sababu mkaguzi akipita akakuta majukwaa bila karatasi, ataandika X nyekundu ukutani, pengine juu ya lipu ile ile unayoikarabati.

Kazi ya chokaa ipange baada ya mvua kuisha, kuanzia Mei au Juni. Jua la kiangazi cha Tabora nalo ni kali, kwa hiyo lipu mbichi ifunikwe magunia yaliyoloweshwa isipasuke. Mbao za mninga nunua kwa mfanyabiashara mwenye risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na nakala zake uziweke kwenye faili la kibali.

Fundi akibandua lipu akakuta kitu kisichokuwa kwenye orodha, mfano nakshi ya zamani chini ya nyingine, asimamishe kipande hicho. Piga picha, iandikie manispaa barua ya nyongeza, na Mambo ya Kale kama kinahusu mlango, huku kazi ikiendelea upande mwingine. Vipande vilivyokatwa, hata vilivyooza, vipewe namba zile zile za orodha na vihifadhiwe pakavu mpaka mkaguzi apite mara ya mwisho, maana ataviulizia.