Jinsi ya kumpima muuzaji wa mnada wa eBay kabla ya kuweka dau

Mnunuzi aliyeko Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura anayetaka kitu kilichonadiwa eBay, soko la mtandaoni la kununua na kuuza, mara nyingi hulazimika kutumia anwani ya wakala wa mizigo aliyeko Uingereza au Marekani, kwa kuwa wauzaji wengi hawatumi mizigo moja kwa moja Afrika Mashariki. Utaratibu huo umewafaa wengi, ila una shimo ambalo mtu halioni mpaka ameshatumbukia. eBay humrejeshea mnunuzi fedha zake iwapo kitu hakikufika, au kimefika kikiwa tofauti na kilivyoelezwa, mradi alalamike ndani ya siku 30. Lakini dhamana hiyo haihusu kitu kilichokwisha kupokelewa kwenye anwani ya kwanza kisha kikasafirishwa tena kwenda kwingine. Mzigo ukitoka ghalani kwa wakala, wewe mnunuzi unabaki na uaminifu wa muuzaji peke yake, na kwa hiyo uaminifu huo hauna budi kupimwa mapema.

Pa kuanzia ni maoni ya wanunuzi waliotangulia. Pierre Omidyar aliianzisha eBay mwaka 1995, na mfumo wa maoni ukafuata mwaka 1996, kwa hiyo wauzaji wamekuwa na muda wa kutosha kujifunza namna ya kuyapamba. Nyota iliyo kando ya jina la muuzaji isikubabaishe, kwani rangi yake huonyesha tu wingi wa pointi alizokusanya kutokana na maoni hayo: ya njano ni pointi 10 hadi 49, na nyekundu ni 1,000 hadi 4,999. Asilimia nayo inahitaji kusomwa kwa makini. Huhesabiwa kwa miezi 12 iliyopita, na hulinganisha maoni mazuri na mabaya pekee, huku yale ya katikati yakiachwa nje kabisa. Muuzaji mwenye maoni mazuri 480, mabaya 20 na ya katikati 60 huonyeshwa kuwa na asilimia 96, ingawa watu 80 kati ya 560 hawakuondoka wameridhika. Kwa kuwa watu wengi huona haya kumwandikia mtu maoni mabaya, mimi huyasoma yale ya katikati kwanza. Humo ndimo mnunuzi mstaarabu hueleza kwa upole kwamba chaja haikuwa ya asili au kwamba betri ilikuwa imechoka.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipita. Pointi za akaunti hujumlisha mauzo na manunuzi pamoja, na tangu mwaka 2008 muuzaji haruhusiwi kumpa mnunuzi maoni mabaya. Mtu anaweza basi kununua vifuniko vya simu na vibandiko 60 vya bei ya chini, akalipa kwa wakati, akasifiwa mara 60, kisha akatangaza kompyuta ya bei kubwa akiwa na rekodi isiyo na doa. Fungua ukurasa wa maoni na uchuje yale aliyopewa akiwa muuzaji. Ukikuta hakuna, unashughulika na mtu asiyejulikana, hata akiwa na nyota ya bluu. Si lazima awe tapeli, maana kila muuzaji alianza siku moja, ila dau lako liwe la kiasi ambacho ukikipoteza utalala usingizi.

Akaunti kongwe nayo si kinga, kwa sababu akaunti huibwa. Dalili yake ni mwenendo uliobadilika ghafla: mtu aliyekuwa akiuza nguo za watoto, akanyamaza miaka mitatu, leo anatangaza kompyuta 15 kwa pamoja, minada yote ikiisha baada ya siku chache, na katika picha ameandika barua pepe ya kuwasiliana naye nje ya mfumo. Linganisha alichokuwa akiuza zamani na anachouza sasa, na tazama pia kama mahali anapodai kuwapo panaoana na muda wa kufikisha mzigo. Anayesema yuko Birmingham huku akikadiria wiki tano kufika London hayuko Birmingham.

Baada ya mtu, chunguza tangazo lenyewe, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mnada wa mtandaoni kibaya hakitembei popote, hukaa kimepigwa picha nzuri kikisubiri. Picha zinazofanana na za kiwandani zitafute kwa programu ya kutafutia picha, uone kama hazijachukuliwa kwenye tangazo la mtu mwingine. Soma maelezo hadi mstari wa mwisho, kwa sababu wapo wanaonadi sanduku tupu la simu na kuliandika hivyo chini kabisa, wakijua kwamba watu husoma kichwa na kutazama picha tu. Neno "haijajaribiwa" lihesabu kuwa ni "haifanyi kazi", kwani ni nadra mtu kumiliki redio na waya wake asiweze kuichomeka ukutani kwa dakika moja.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua lenzi kuukuu ya kamera kwa muuzaji mwenye sifa nzuri. Picha zilikuwa sita, zote za mbele na za ubavuni, na maelezo yalisema kioo hakina mikwaruzo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Lenzi iliponifikia baada ya wiki saba, nikaiinua kuelekea dirishani, nikaona kuvu ndani yake, nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni kama utando wa buibui. Muuzaji hakuwa ameandika neno hata moja la uongo, nami sikuwa nimemuuliza. Siku hizi humwandikia muuzaji kabla ya mnada kuisha na kumwomba picha moja ambayo haimo kwenye tangazo: lenzi ikiwa imemulikwa tochi kwa nyuma, simu ikiwa imewashwa kwenye ukurasa wa mipangilio, kompyuta ikiwa imefunguka bila kudai nywila ya kampuni iliyoimiliki zamani. Anayekuwa na kitu mkononi huituma bila shida, na jibu lake huwa la mtu aliyekitazama kitu hicho. Anayekujibu kwamba maelezo yote yamo kwenye tangazo, mwache.

Itazame pia orodha ya madau. Majina hufichwa, lakini pointi za kila aliyeweka dau huonekana, na akaunti yenye sifuri inayopandisha bei mara nne mfululizo kisha ikanyamaza huenda ni ya rafiki wa muuzaji. eBay imepiga marufuku mchezo huo, ila kinga ya uhakika ni kupanga bei yako ya mwisho mapema na kutoivuka.

Kuhusu malipo hakuna cha kupima. Muuzaji akikutaka ulipe kwa Western Union, kwa kadi za zawadi au kwa kuhamisha fedha benki nje ya eBay, hata akikupunguzia bei, biashara imeishia hapo.

Ukishinda mnada, bado zimebaki siku chache za kumthibitisha muuzaji huku dhamana ikiwa hai. Matapeli wengine hutuma bahasha tupu kwenye nyumba nyingine ya mtaa uleule, ili namba ya kufuatilia mzigo isomeke kwamba umefika. Kwa hiyo mwulize wakala kama yeye mwenyewe ameupokea, usitosheke na ujumbe wa simu. Kisha mwombe afungue sanduku, akiwashe kitu, akupigie picha ya namba ya utambulisho na ya sehemu zote zilizotajwa kuwa na kasoro. Mawakala wengine hutoza ada kwa kazi hiyo, na wengine hukataa, jambo linalofaa kuulizwa kabla ya kuwachagua. Picha zikitofautiana na tangazo, fungua malalamiko mzigo ukiwa bado uko palepale ulipopokelewa. Zikilingana, mruhusu apakie.