SOMO: Kukarabati ngazi ya mbao ya nyumba ya mapumziko kwa wikiendi tu

Wakuu, salaam. Swali la "ngazi yetu inalia na imechakaa, nianzie wapi?" nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Naandika yote hapa mara moja. Atakayeniuliza tena faraghani nitamwelekeza hapa hapa, asinione nina roho mbaya.

Somo linahusu ngazi ya mbao ya ndani, iliyonyooka, ambayo vipandio vyake vimebebwa na mbao mbili za ubavuni. Ya zege na ya kuzunguka zina mambo yake, sizigusi.

Kabla ya hatua yoyote, jua kwamba nyumba ya mapumziko haina mtu wa kukumalizia kazi katikati ya wiki. Jumapili jioni unafunga mlango, na hujui nani ataufungua baada yako. Shemeji na watoto wanaweza kuingia Alhamisi usiku na umeme haupo. Kwa hiyo kila wikiendi lazima iishe na ngazi inayopandika. Usibomoe Jumamosi kitu usichoweza kukirudisha kabla ya kuondoka.

1. Kagua. Choma mbao kwa bisibisi nyembamba, hasa ncha za chini za mbao za ubavuni zinapogusa sakafu na upande ulioegemea ukuta wenye unyevu. Bisibisi ikizama bila nguvu, pameoza au mchwa wamepita. Vumbi laini chini ya vitundu vidogo maana yake wadudu bado wako kazini. Ubavu ukiwa umeoza, simama hapo na umwite seremala.

2. Pima vimo. Kutoka uso wa kipandio hadi uso wa kinachofuata, kuanzia sakafu ya chini hadi sakafu ya juu. Andika kila kimoja. Usiseme "vyote vinafanana".

3. Vua zulia, ng'oa misumari na pini zote. Vaa glovu.

4. Nyamazisha milio. Mlio hutokana na mbao mbili kusuguana, au mbao kusugua msumari uliolegea. Mtu mmoja apande taratibu akihamisha uzito kushoto na kulia, wewe kaa chini ya ngazi na kuweka vidole kwenye maungio. Penye shida utauhisi mtikisiko kabla hujausikia. Tia alama ya chaki. Kabari (kipande chembamba cha mbao kinachobana kipandio ubavuni) iliyolegea itoe, kwangua gundi kuukuu, paka mpya, igonge irudi. Kwenye kona ya ubao wa kukanyagia na ubao wa wima, bandika vipande vya pembetatu kwa gundi na skrubu. Angalia urefu wa skrubu: ikipita unene wa mbao, ncha itatokeza juu na kumsubiri mtoto asiyevaa viatu.

Kama chini ya ngazi kumezibwa, fanya kazi kwa juu: toboa matundu membamba kwanza, kisha piga skrubu mbili zilizoinamiana kupitia ubao wa kukanyagia hadi kwenye ubao wa wima. Unga wa talki unaosifiwa kila mahali unanyamazisha kwa muda tu, na ukimwagika juu unateleza.

5. Vipandio: kusugua, kubadilisha au kufunika. Hapa nilichemsha, na hapa ndipo wengi wanachemsha. Kishawishi ni kununua mbao mpya na kuzibandika juu ya za zamani. Kazi ni ya haraka, picha zinapendeza, na ngazi inageuka mtego.

Fuata hesabu. Tuseme kila kimo ni sm 17.5 na mbao mpya ina unene wa sm 2.2. Kipandio cha kwanza kimeinuka sm 2.2 lakini sakafu ya chini imebaki palepale, kwa hiyo kimo cha kwanza sasa ni sm 19.7. Vya katikati vimeinuka vyote pamoja, vinabaki 17.5. Ukifika juu, kipandio cha mwisho kimeinuka na sakafu ya juu haijainuka, hivyo kimo cha mwisho ni sm 15.3. Kati ya kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote pana tofauti ya sm 4.4. Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi zinazotumika sana Marekani zinaruhusu tofauti isiyozidi milimita 9.5 kwenye ngazi moja.

Milimita hizo hazikuwekwa kwa ukali wa wakaguzi. Mtu akishapanda vipandio viwili, mguu umekwisha kukariri kimo na macho yameondoka. Kuanzia hapo unyayo unapita juu ya ukingo kwa nafasi ndogo mno. Kimo kikibadilika, anayepanda anajikwaa na anayeshuka anakanyaga hewa au anatua kabla hajajiandaa. Na hatari iko juu kabisa na chini kabisa, pale pale mtu anapopita na begi mkononi.

Usinijibu kwamba utatumia mbao nyembamba. Ya milimita 6 inaongeza 6 chini na kupunguza 6 juu, tofauti 12. Bado umezidi.

Basi fanya mojawapo ya haya. Kama mbao za zamani ni nzima, zisugue na uzipake, usizifunike. Kama zimekwisha, zitoe na uweke mpya za unene uleule. Kufunika kunaruhusiwa iwapo tu unatandika sakafu mpya ya unene huohuo chini na juu pia, ili vimo vyote virudi sawa. Hata hapo reli ya kushikia imeshuka kwa sm 2.2 ukipima kutoka kwenye kipandio, basi ipime upya. Ukingo wa mbele wa ubao wa zamani ukate usawa na ubao wa wima kabla ya kubandika, la sivyo vipandio vinatokeza mbele kupita kiasi.

Maonyo:
– Toa kimoja, weka kimoja. Vipandio ndivyo vinavyoshikanisha mbao mbili za ubavuni. Ukivitoa vingi kwa mkupuo, ubavu unaweza kufunguka, na Jumapili jioni utabaki na shimo.
– Usikate vyote kwa kipimo cha kimoja. Ngazi za zamani hazina kona ya nyuzi 90. Tengeneza kigezo cha kadibodi ngumu kwa kila kipandio na uandike namba kwenye kigezo na kwenye ubao.
– Mbao mpya zikae ndani ya nyumba hiyo wiki mbili hivi, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Nyumba inayofungwa siku tano ina unyevu wake, na mbao iliyotoka dukani jana itajikunja au kuachia pengo baadaye.

6. Msasa. Namba 60, kisha 80, malizia 120. Kwenda mbali zaidi ni kujitafutia utelezi. Rangi ni ya zamani sana? Usisugue bado, soma maswali hapo chini.

7. Kaza nguzo na reli. Nguzo ya chini ikicheza, gundi peke yake haitoshi. Tumia bolti.

8. Rangi au vanishi. Mbao za wima kwanza, kwa siku yoyote. Za kukanyagia paka moja, ruka moja: wikiendi hii ya 1, 3, 5, ijayo ya 2, 4, 6. Zilizo mbichi zitie tepu ya karatasi katikati ili hata anayeamka usiku aione. Vanishi ya maji hupokea koti la pili baada ya saa chache na hukanyagwa kwa soksi baada ya siku moja. Ya mafuta husubiri siku nzima kati ya makoti na hukomaa kwa wiki kadhaa. Kwa wikiendi chagua ya maji. Koti la mwisho lichanganye na mchanga laini wa kuzuia utelezi.

9. Vitambaa. Ukitumia mafuta ya linsidi au mafuta mengine ya mbao yanayokauka, usiache vitambaa vimefinyangwa kwenye ndoo na ukaondoka. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto. Kwenye lundo joto halina pa kutokea, na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Hili fanya kabla ya kutafuta funguo za gari.

MASWALI

Chapakazi: Shukrani mkuu. Nimepitia harakaharaka. Nina mbao za sm 2, nibandike tu juu ya zile za zamani si ndiyo?

Mtoa somo: Hatua ya 5. Polepole.

Chapakazi: Lakini mimi nilishafanya hivyo kwa jamaa yangu na hakuna aliyeanguka.

Mtoa somo: Bado. Pima kimo cha kwanza na cha mwisho uniletee namba, ndipo tubishane.

Mjukuu wa Seremala: Samahani fundi, swali la udadisi. Kwa nini ngazi nyingine unapanda bila kuchoka na nyingine, yenye kimo kilekile, inakuvunja magoti? Nimepima zote mbili, ni sm 18.

Mtoa somo: Swali zuri sana, na umefanya vyema kupima kwanza. Jibu liko kwenye upana wa kukanyagia. Msanifu Mfaransa François Blondel aliliandikia jambo hili karne ya 17. Aliona kwamba hatua ya mtu kwenye ardhi tambarare ni inchi 24 za Kifaransa za wakati ule, kama sm 65, na kwenye ngazi ya kusimama wima ni inchi 12. Akahitimisha kwamba kila inchi ya kupanda inagharimu inchi mbili za kwenda mbele. Ndipo ikatoka kanuni: vimo viwili ukijumlisha na upana mmoja upate takribani sm 60 hadi 64, kwa vipimo vinavyotumika siku hizi. Kwa kimo cha 18, mara mbili ni 36, unabaki na upana wa 24 hadi 28. Upana unapimwa kutoka ukingo wa kipandio hadi ukingo wa kinachofuata. Pima upana wa hizo zako mbili.

Mjukuu wa Seremala: Ya nyumbani 27, ya mapumziko 20! Kumbe ni 56 tu.

Mtoa somo: Ndiyo hiyo inayokuvunja magoti. Ukisugua na kupaka haitabadilika, maana mteremko umeamuliwa na nafasi iliyoachwa sakafuni. Weka reli pande zote mbili, inasaidia kuliko unavyodhani.

Mama Pacha: Kaka, ngazi yetu ina rangi tabaka nyingi, nyumba ni ya tangu enzi za babu. Wanangu wana miaka miwili. Nisugue tu?

Mtoa somo: Hapana dada, na umefanya vizuri kuuliza kabla. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi. Vumbi lake ndilo baya: mtoto anatambaa, anatia vidole mdomoni, na risasi inadhuru ubongo unaokua. Pata kwanza kipimo cha rangi. Ikiwa na risasi na imeshika vizuri, ioshe na uifunike kwa rangi mpya bila kukwangua. Ikiwa inabanduka, ikwangue ikiwa imeloweshwa maji au mpe anayejua, watoto wakiwa mbali. Msasa mkavu na moto mkali usitumie. Na fagio usilipeleke pale, futa kwa kitambaa kibichi.

Chapakazi: Vanishi ipi inakauka haraka?

Mtoa somo: Hatua ya 8, ndugu yangu. Imeandikwa.

Bundi: Nyongeza kwa wenye wazee nyumbani. Mimi nimepaka ukingo wa mbele wa kila kipandio mstari wa rangi tofauti, na swichi ya taa nimeweka chini na juu. Mama mkwe ameacha kushuka kinyumenyume.

Mtoa somo: Naunga mkono, hasa mstari. Vipandio vya rangi moja vikiguswa na mwanga hafifu vinageuka ubao mmoja mrefu.

Bundi: Jingine: ndani ya kabati la chini ya ngazi nimebandika daftari. Kila anayeondoka anaandika alichofanya, rangi ya kopo lipi, skrubu za urefu gani zimebaki. Kabla ya hapo mimi na ndugu zangu tulikuwa tunanunua msasa uleule kila mtu kivyake.

Mtoa somo: Hili nalichukua. Andikeni pia kipandio ambacho gundi haijashika.

Mgeni wa Patasi: Vijiti vya reli vyangu vimeachana sana, kichwa cha mpwa wangu karibu kingepita. Niongeze vingapi?

Mtoa somo: Usihesabu vijiti, pima nafasi. Mpira wa kipenyo cha sm 10 usiweze kupita popote, ikiwemo ile pembetatu kati ya reli ya chini na kipandio. Kata duara la kadibodi la sm 10, tembea nalo ngazi nzima, na panapopita ongeza kijiti. Mpaka hapo, funga wavu upande huo leo leo, usingoje wikiendi ijayo.