Namna ninavyopima vidonda vya pemfigasi mdomoni

Pemfigasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ngozi na utando wa mdomo, na kuleta malengelenge na vidonda. Ukiandika "anaendelea vizuri" kwenye faili la mgonjwa wake, daktari wa ngozi hawezi kujua kama dozi ya predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga hiyo, ishuke au ibaki palepale. Kwa hiyo kwenye kliniki yetu ya meno hapa Moshi naandika namba, kwa kipimo kiitwacho ODSS (Oral Disease Severity Score, yaani alama za ukali wa ugonjwa wa mdomo).

Mdomo unagawanywa sehemu 17: midomo nje na ndani, mashavu mawili, fizi vipande sita, ulimi juu na pande zake mbili, chini ya ulimi, kaakaa gumu, kaakaa laini, koo. Meno ya bandia yavuliwe kwanza. Vioo vya meno vilowekwe maji, na usifute kwa kitambaa kikavu, maana utando wa mdomo hubanduka. Lengelenge zima hulikuti mara nyingi; limeshapasuka, limeacha kidonda.

Sehemu safi ni 0, yenye ugonjwa ni 1. Mashavu, mgongo wa ulimi, chini ya ulimi, kaakaa zote mbili na koo hupata 2 zikiathirika zaidi ya nusu. Kisha ukali: wekundu kidogo 1, wekundu mwingi 2, kidonda 3, na sehemu iliyopata 2 huhesabiwa maradufu hata hapa. Ongeza maumivu ya wiki nzima, 0 hadi 10. Jumla ya juu kabisa ni 106.

Fizi ndizo zinazosumbua. Mgonjwa mwenye maumivu hapigi mswaki, ukoga unajaa, fizi zinakuwa nyekundu kwa sababu nyingine kabisa. Wekundu wa ukoga hukaa ukingoni mwa jino. Ule wa ugonjwa huu hupanda ufizi mzima. Utando mweupe unaotoka ukiugusa mara nyingi ni fangasi wanaoletwa na predinisoloni: utibu, usiupe alama.

Kwenye maumivu, wazee wa huku hawapendi kulalamika. Bibi atakwambia, "Si sana, mwanangu," huku mate yanamshinda kumeza. Namuuliza: "Shikamoo bibi, wiki hii mtori ulipita? Ukiwa wa moto au mpaka upoe? Na chungwa je?" Namba naiomba baada ya hapo, na nauliza pia kama amesukutua dawa ya ganzi asubuhi.

Andika alama za sehemu, ukali na maumivu kila moja peke yake kabla ya jumla. Maumivu yakishuka na vidonda vikabaki vilevile, daktari lazima alione hilo. Na kwa mgonjwa wa pemfigoidi, ugonjwa mwingine wa malengelenge unaofanana na huu, mwenye macho mekundu, usingoje hesabu: mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.