Kupima Maendeleo ya Kusoma kwa Wanafunzi wa Darasa la Pili

Darasa linaposoma kwa pamoja sentensi zilizoandikwa ubaoni, mwalimu hawezi kujua nani anasoma na nani anafuata sauti ya jirani yake. Kwa hiyo mpime mwanafunzi mmoja mmoja, mahali penye utulivu.

Andaa kifungu kipya cha maneno 60 hivi kuhusu jambo ambalo watoto wanalijua, kama kuchota maji au kwenda sokoni. Kifungu cha kitabu cha kiada hakifai, kwa kuwa wengi wamekwisha kukikariri. Mwanafunzi anapotamka neno la kwanza, anza kuhesabu dakika 1 kwa saa ya simu, na katika nakala yako pigia mstari kila neno analokosea bila kumkatiza. Akikwama kwa sekunde 3, mwelekeze kwenye neno linalofuata na uhesabu kosa. Akijisahihisha mwenyewe, usihesabu. Aliyefika neno la 48 akiwa na makosa 6 amesoma maneno 42 kwa dakika. Anayeshindwa kusoma hata neno moja la mstari wa kwanza asiendelee kuteseka: mpe silabi, kisha uandike zile anazozitambua.

Nasisitiza hapa kwamba mtoto anayetamka "kura" mahali pa "kula", kwa sababu lugha ya nyumbani kwao haitofautishi r na l, hajakosea kusoma. Tunapima kusoma, hatupimi lafudhi.

Kasi peke yake hupotosha. Kwa kuwa Kiswahili hutamkwa karibu kama kinavyoandikwa, mtoto aliyezimudu silabi anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri na asielewe habari yenyewe. Muulize maswali 5 kuhusu sehemu aliyoifikia, moja likimtaka afikiri zaidi ya yaliyoandikwa. Anayesoma maneno 60 na kujibu swali 1 ana tatizo tofauti kabisa na anayesoma maneno 30 akajibu yote: wa kwanza anahitaji mazungumzo kuhusu hadithi na msamiati, wa pili anahitaji mazoezi ya kusoma mara kwa mara.

Makosa uliyoyapigia mstari ndiyo hazina ya kipimo hiki. Anayejikwaa kwenye ng', mb au nd arudishwe kwenye silabi hizo. Anayesoma "kitanda" palipoandikwa "kitabu" anabahatisha kwa kuona mwanzo wa neno, hivyo afundishwe kulifuata hadi mwisho. Anayeshindwa na "hawakutuambia" afundishwe kuligawa neno refu katika silabi.

Kwa darasa la wanafunzi 90, ukipima 9 kwa siku kwa dakika 4 kila mmoja, utamaliza kwa siku 10 za masomo. Rudia katikati na mwishoni mwa mwaka kwa vifungu vya ugumu uleule, ukiandika katika daftari tarehe, maneno sahihi, majibu na kosa linalojirudia, ili kila mtoto alinganishwe na matokeo yake mwenyewe ya awali.